Maswali Yenu: Gitaa Gani kwa Kazi Gani

Barua za mwezi huu zimetoka kwa wingi Mwanza na pande zote za ziwa, na karibu zote zinauliza habari za magitaa: lipi la kununua, nyuzi gani za kufunga, na kwa nini lililokwisha kununuliwa linasumbua. Tumeanza na barua ya Ukerewe kwa sababu tatizo lake linaharibu magitaa mengi yaliyokuwa mazima, na linazuilika kwa urahisi.

Shikamoo mhariri. Nilinunua gitaa kavu la mtumba lenye shingo pana na nyuzi za nailoni. Zilipokatika nikafunga za chuma kwa sababu ndizo nilizozipata mjini, na sauti ikawa kubwa kuliko mwanzo. Sasa lile daraja linaloshika nyuzi limeanza kunyanyuka kwa nyuma. Nitie gundi tu? Na hapa kwetu mishipi ya nailoni ya kuvulia ni tele, naweza kufunga hiyo badala ya nyuzi za dukani?
*Msomaji, Nansio*

Marahaba. Kwanza legeza nyuzi zote sasa hivi, kisha urudi usome. Kila saa gitaa linalokaa limekazwa hivyo, ufa unazidi.

Gitaa lako ni la klasiki. Nyuzi sita za nailoni zikikazwa sawasawa huvuta, kwa jumla, kiasi cha kilo 40. Seti ya chuma ya namba 12, yaani ile ambayo uzi wake wa kwanza una unene wa inchi 0.012, huvuta kilo 70 na ushee. Kwenye klasiki uzi hufungwa fundo kwenye daraja lenyewe, kwa hiyo mvuto wote unabebwa na gundi iliyo kati ya daraja na ubao wa juu. Ubao huo una unene wa milimita 2 hadi 2.5 tu, na kwa ndani umeshikizwa na vijiti vyembamba vilivyosambaa kutoka kwenye tundu la sauti kwenda chini. Ile sauti kubwa uliyoifurahia ilikuwa ya ubao unaobebeshwa mzigo usio wake.

Gitaa la nyuzi za chuma limejengwa namna nyingine. Vijiti vyake vya ndani ni vizito na vimepishana mfano wa herufi X. Uzi unaingia kwenye kitundu cha daraja na kile kishungi cha shaba mwishoni mwake kinajibana chini ya ubao kwa pini, hivyo gundi haiachwi peke yake. Ndani ya shingo mna fimbo ya chuma inayoizuia isipinde. Klasiki nyingi hazina fimbo hiyo, ndiyo maana hata daraja likivumilia, shingo itajikunja na nyuzi zitapaa mpaka vidole viume.

Asiye na hakika gitaa lake ni lipi apime shingo kwa rula pale juu kabisa, zinapoanzia nyuzi. Klasiki ina milimita 52 hivi, la chuma lina 43 au 44. Kichwa cha klasiki kina matundu mawili marefu yenye viringi vinene ndani yake. Shingo ya klasiki inakutana na boksi kwenye freti ya 12, yaani kile chuma cha 12 kinachokatiza shingo ukihesabu kutoka kichwani, na ya gitaa la chuma kwa kawaida kwenye freti ya 14.

Sasa matengenezo. Gundi ya kupenyeza kwenye ufa haitashika, kwa sababu chini mna gundi kuukuu na gundi mpya haishikani nayo. Daraja lazima litoke lote. Zungushia gamutepu kuliweka alama mahali pake. Chukua kisu chembamba kisicho na makali, kitumbukize kwenye maji ya moto, kifute, kisha kiingize kwa nyuma pale palipokwisha kuachia, usukume taratibu kufuata mshipa wa mbao. Kikipoa, kipashe tena. Ukilazimisha, utabandua nyuzinyuzi za ubao wenyewe na kazi itakuwa mara tatu. Daraja likitoka, kwangua gundi kuukuu pande zote mbili mpaka uone mbao tupu. Usipige msasa mpaka sehemu ikawa na mviringo; nyuso mbili zisipolala sawasawa, hakuna gundi itakayozishika.

Tumia gundi nyeupe ya mbao, upake tabaka jembamba. Gundi ya viatu usiiguse, kwani hubaki laini kama mpira na daraja litatambaa kidogo kidogo kila siku nyuzi zikilivuta. Gundi ya kukauka papo hapo nayo haifai, maana haikupi nafasi ya kurekebisha mahali. Bana kwa klampu mbili au tatu zinazopita kwenye tundu, na ndani uweke kipande cha mbao ili klampu zisivunje vijiti. Gundi ikitokeza pembeni futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Liache saa 24, na wakati wa masika siku mbili. Kabla hujabana, hakikisha kipimo: pima kutoka kwenye kile kipande cha mfupa kilicho juu ya shingo hadi kwenye chuma cha freti ya 12, uzidishe mara mbili, uongeze milimita 2 hivi. Hapo ndipo mfupa wa daraja unapotakiwa kukaa. Kwa klasiki ya mtu mzima hesabu inakuja kiasi cha milimita 652. Ukikosea kwa milimita 3, gitaa halitakubali kutyuniwa tena hata ufanye nini.

Kuhusu mshipi: ndiyo, lakini kwa nyuzi tatu za juu tu. Uzi wa 1, wa 2 na wa 3 wa klasiki ni nailoni tupu ya uzi mmoja, na mshipi wa uzi mmoja ni kitu hicho hicho. Vipimo ni milimita 0.70 hadi 0.72 kwa uzi wa 1, 0.80 hadi 0.82 kwa wa 2, na 1.02 hivi kwa wa 3. Nenda dukani na kipimo cha kaliper, kwa sababu lebo nyingi hutaja uzito mshipi unaobeba na si unene wake. Kamba ya kusokota ya kushonea nyavu haifai kabisa, haitoi noti. Na ukishafunga uwe na subira: nailoni hunyooka, utatyuni kila baada ya dakika chache siku ya kwanza, na itatulia baada ya siku tatu au nne.

Kwa nini nyuzi nene hazitoki dukani kwa mvuvi? Noti ikishuka, uzi unatakiwa uwe mzito zaidi. Ukitaka uzi wa 6 wa nailoni tupu wenye mvuto uleule, ungehitaji unene wa karibu milimita 2.8. Uzi mnene hivyo ni mgumu kupinda na sauti yake ni butu. Ndiyo maana uzi wa 4, wa 5 na wa 6 hutengenezwa kwa nyuzinyuzi laini zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba: uzito unapatikana bila ugumu. Hizo nunua dukani, na umwambie muuzaji waziwazi kwamba unataka seti ya klasiki.

Bwana Yesu asifiwe. Kwaya yetu ina waimbaji wapatao thelathini, kinanda na ngoma. Tumechanga fedha ya gitaa moja. Wazee wanataka gitaa kavu, vijana wanataka la umeme kwa ajili ya sebene. Tununue lipi?
*Mwalimu wa kwaya, Nyakato*

Amina, mwalimu. Kwa kwaya yenye ngoma na kinanda, vijana wana hoja. Gitaa kavu hutegemea ubao wa juu utikisike na kusukuma hewa, na nguvu hiyo inamezwa na sauti thelathini kabla haijafika benchi la tatu. Ukiliwekea maiki mbele, sauti ya spika inarudi, inaingia kwenye tundu, inautikisa ubao upya, na mnaanza kusikia lile yowe linalowafanya waumini wazibe masikio. Gitaa la umeme lenye mwili wa mbao nzima halina tundu wala ubao wa kutikisika. Sauti inanaswa na pikapu, yaani sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, ambayo inasikia mtikisiko wa nyuzi za chuma tu. Kwa hiyo linavumilia kelele za jukwaani. Lakini kumbukeni kwamba bila amplifaya halisikiki hata benchi la kwanza. Fedha igaweni mapema: gitaa, amplifaya ya wati 30 hadi 50, kebo mbili, mkanda.

Kama nyimbo zenu nyingi ni za kitabuni, za sauti nne na za taratibu, hapo nunueni gitaa kavu la nyuzi za chuma lenye pikapu tayari. Pikapu yake ni kipande kinachokaa chini ya mfupa wa daraja na kugeuza mgandamizo wa nyuzi kuwa umeme, nacho huhitaji betri ya volti 9. Betri huanza kutumika mara jeki inapochomekwa, hata kama hakuna anayepiga. Mkiacha kebo imechomekwa tangu Jumapili hadi mazoezi ya Alhamisi, mnaweza kukuta betri imekwisha na mkadhani gitaa limekufa. Tundu lizibeni kwa kifuniko cha mpira mnapopiga karibu na spika.

Siku ya kununua, mwalimu, usimtume mtu asiyepiga. Anayekwenda ashike gitaa kama bunduki, jicho moja likiangalia shingo kuanzia kichwani: inatakiwa iwe karibu imenyooka, ikiwa na mbonyeo mdogo sana katikati. Iliyojipinda kama mkwaju, yaani upande mmoja umepanda na mwingine umeshuka, aiache palepale, haitengenezeki kwa bei ya kueleweka. Kisha apime nafasi kati ya uzi wa 6 na freti ya 12: milimita 1.5 hadi 2 kwa la umeme, 2 hadi 2.5 kwa kavu la chuma, 3.5 hadi 4 kwa klasiki. Baada ya hapo aguse uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, asikilize ile noti ya kengele, halafu aukandamize hapohapo. Noti mbili ziwe sawa. Ya kukandamiza ikiwa juu, urefu wa uzi ni mfupi mno. Kwa la umeme hilo si kitu, kwa sababu kila uzi una parafujo yake ya kusogeza darajani. Kwa gitaa kavu ni kasoro ya kudumu. Mwisho apige kila uzi katika kila freti, moja baada ya nyingine. Inachosha, inachukua dakika kumi, na hakuna njia nyingine ya kuligundua lile freti moja lililonyanyuka ambalo litakwaruza kila Jumapili.

Mwangaluka mhariri. Bendi yetu ina magitaa mawili, solo na rithimu. Tukisikiliza bendi za Kongo kuna gitaa la tatu katikati, sauti yake inametameta juu ya rithimu bila kuwa solo. Sisi tukiongeza gitaa la tatu inakuwa fujo. Siri ni nini?
*Mpiga rithimu, Igoma*

Hilo mnalolisikia ni mi-solo, na sehemu kubwa ya siri iko kwenye uzi mmoja. Wapigaji wake huutoa uzi wa 4 ulio mnene na kuweka badala yake uzi mwembamba uliotyuniwa oktavu moja juu. Badala ya D ya hezi 147, yaani mitikisiko 147 kwa sekunde, unapata D ya hezi 294, ambayo iko toni moja tu chini ya uzi wa 1. Kordi ileile, kwa vidole vilevile, inatoka na noti ya juu mahali ambapo mkono umezoea noti ya chini. Gitaa linapanda kutoka eneo la rithimu, na kila moja linasikika.

Jinsi ya kufanya. Seti nyingi za gitaa la umeme ni za namba 10 au namba 9. Watu huchukua uzi wa kwanza wa akiba, wa 10, wakaufunga nafasi ya nne. Unafanya kazi, ila kwa kuwa umeshushwa toni nzima unavuta pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano, unakuwa legevu na noti inapanda ukiubana kwa nguvu. Tumia namba 11. Mvuto wake kwenye D unalingana karibu sawa na wa namba 10 kwenye E, na mkono hautahisi tofauti.

Matatizo mawili yatajitokeza. La kwanza ni lile kato kwenye mfupa wa juu. Lilichongwa kwa uzi wa inchi 0.026, sasa unalaza wa 0.011. Uzi utacheza, utazama, na utakwaruza freti ya kwanza ukipigwa wazi. Kwa muda, kunja kikaratasi kigumu uweke chini yake. Kwa kudumu, jaza kato kwa unga wa mfupa uliosagwa kwa msasa, dondoshea tone la gundi ya kukauka haraka, kisha fundi achonge kato jipya jembamba. Mfupa wa akiba ni bora kuliko yote, maana siku mkitaka kurudisha uzi wa kawaida mnabadili tu. La pili ni darajani: uzi mwembamba usiozungushiwa waya unataka urefu tofauti na ule mnene. Rudia kipimo cha freti ya 12 na usogeze parafujo ya uzi wa 4 mpaka noti mbili zikubaliane. Ukiruka hatua hii, kordi za freti ya 7 kwenda mbele zitasikika chafu, na mtalaumiana bure.

Yaliyobaki ni mpangilio. Mi-solo hupenda pikapu ya nyuma iliyo karibu na daraja, au ya nyuma na ya kati zikiwa pamoja, kwa sauti kavu isiyo na mkwaruzo wowote. Magitaa ya mtindo wa Stratocaster, ambayo Fender waliyatoa mwaka 1954 yakiwa na pikapu tatu za koili moja moja, yanaifanya kazi hii vizuri sana. Yale ya mtindo wa Les Paul, yenye pikapu za koili mbili ambazo Gibson walianza kuziweka mwaka 1957, yana sauti nene na yananyamazisha vumo la umeme, kwa hiyo tungeyapa solo. Wapigaji wengi hufunga kapo pia, yaani kibanio kinachobana nyuzi zote kwenye freti moja, freti ya 2 hadi ya 5, ili kordi zibaki wazi katika ufunguo wa mwimbaji.

Na rithimu yako, ndugu, ipunguze. Mi-solo ikiingia, wewe shika nyuzi nene na za kati, acha uzi wa 1 na wa 2. Magitaa matatu yakigombea oktavu moja hakuna fundi mitambo atakayeyatenganisha.

Habari za kazi. Mwanangu ana miaka tisa, anaandika kwa mkono wa kushoto, anataka gitaa. Nimnunulie la mkono wa kushoto? Na dogo au la kawaida ili alikulie?
*Mama, Pasiansi*

Salama mama. Usimnunulie la kumkulia. Gitaa la kawaida lina urefu wa uzi wa milimita 650, na kwa mtoto wa miaka tisa bega litapanda, kiwiko kitabanwa, na atakata tamaa akidhani hana kipaji. Mtafutie klasiki ya robo tatu, ambayo urefu wake wa uzi ni kati ya milimita 570 na 600. Nyuzi za nailoni ni laini kwa vidole vya mtoto. Akikaa na gitaa kwenye paja, afikie freti ya kwanza bila kunyoosha mkono wote. Hicho ndicho kipimo cha kweli kuliko umri.

Kuhusu mkono, magitaa ya kushoto ni adimu, na akilizoea hilo hataweza kuazima la shuleni wala la kanisani. Mjaribishe kwanza la kawaida mwezi mmoja au miwili. Mkono wa kushoto ndio unaobana nyuzi, kwa hiyo kwa mtoto kama wako mkono wenye nguvu unapewa kazi ngumu. Ikionekana analigeuza mwenyewe kila mara, basi mfuate yeye. Klasiki inageuzika: fundi hupindua mpangilio wa nyuzi na kubadili mfupa wa juu, kwa sababu makato yake yana unene tofauti. Gitaa la nyuzi za chuma usilifanyie hivyo. Mfupa wa daraja lake umewekwa mshazari kwa makusudi, upande wa nyuzi nene ukiwa mbali zaidi, na ukipindua nyuzi mshazari unakuwa kinyume na noti haziwi sawa.

Tunapiga benga huku Shirati. Gitaa la besi tunalichomeka kwenye amplifaya ya gitaa ya wati 30. Spika imeanza kukwaruza. Tatizo ni besi au amplifaya?
*Mpiga besi, Shirati*

Tatizo ni ndoa ya hivyo viwili. Uzi mnene wa besi unatoa E ya hezi 41, nusu ya ile ya gitaa la kawaida ambayo ni hezi 82. Ili spika itoe noti yenye nusu ya hezi hizo kwa ukubwa uleule wa sauti, karatasi yake lazima iende mbele na nyuma mara nne zaidi. Spika ya gitaa haikuundwa kwa mwendo huo. Koili inatoka kwenye nafasi yake, inasugua sumaku, na mkwaruzo mnaousikia ni koili iliyokwisha kuungua au kupinda. Haitapona kwa kupunguza sauti, ibadilisheni.

Kama mna miksa na spika kubwa za inchi 15 au 18, besi ipitisheni kwenye kisanduku cha DI, kile kidogo kinachoifanya sauti ya gitaa iifae miksa, iingie miksa moja kwa moja. Ni njia rahisi kuliko kununua amplifaya ya besi, na wengi hawaifikirii. Mkinunua amplifaya, iwe ya besi, kuanzia wati 100 kwa ukumbi mdogo. Amplifaya ya kinanda pia inavumilia. Kinyume chake hakina madhara: gitaa la kawaida kwenye amplifaya ya besi halivunji chochote.

Kwenye benga besi haikai nyuma. Solo inafuata mapigo ya nyatiti, kile chombo cha Wajaluo chenye nyuzi nane, na besi inajibizana nayo kwa noti fupi fupi. Kwa hiyo msiongeze sauti ya chini kabisa mpaka kila noti ikamezana na inayofuata. Punguzeni kitasa cha chini, pandisheni cha kati, na mziache nyuzi zizimwe kwa kiganja kati ya noti na noti. Hapo hata mkipiga uwanjani kando ya ziwa, ambako hakuna kuta za kurudisha sauti, kila pigo litasikika.

Nikiwa na gitaa la umeme mkononi nikigusa maiki kwa mdomo napigwa shoti. Pia gitaa linavuma. Mwenzangu ananiambia nikate mguu wa tatu wa plagi ya amplifaya.
*Msomaji, Sengerema*

Usikate. Mguu huo ni waya wa ardhi, na ndio unaosimama kati yako na kifo. Nyuzi za gitaa lako zimeunganishwa na chasi ya amplifaya. Ukishika nyuzi na mdomo ukagusa maiki iliyounganishwa na miksa, mwili wako unakuwa waya kati ya vyombo viwili. Ukisikia hata mwasho mdogo, chombo kimojawapo hakina ardhi, au kina umeme unaovuja. Zimeni, msiendelee na onyesho.

Kwanza, amplifaya zote na miksa zichomekeni kwenye chanzo kimoja, zisitoke nyumba mbili tofauti. Pili, fundi umeme apime ardhi ya soketi. Tatu, mkitumia jenereta, fundi achomeke nondo ya ardhi kwenye udongo wenye unyevu na aiunganishe, na muweke swichi ya kukata umeme unaovuja, ile ya miliampia 30. Jukwaa likiwa mchangani ufukweni na miguu imelowa, hatari inaongezeka.

Vumo ni jambo jingine. Likipungua unapogusa nyuzi, gitaa lina pikapu za koili moja na boksi la waya zake halijazibwa. Fundi alifunike kwa karatasi ya shaba iliyounganishwa na waya wa ardhi wa gitaa. Likizidi unapogusa nyuzi, waya wa ardhi ndani ya gitaa umekatika au umeunganishwa kinyume kwenye jeki. Likija na kuondoka ukitikisa kebo, badili kebo kwanza kabla hujafungua chochote.

Nyuzi zangu za chuma hushika kutu upesi. Ni kwa sababu naishi karibu na ziwa?
*Msomaji, Kirumba*

Ziwa letu ni la maji baridi, halina chumvi ya hewani kama Tanga au Dar es Salaam. Kutu yako inatokana na jasho la mikono na unyevu. Nawa na ukauke kabla ya kupiga, na ukimaliza futa kila uzi juu na chini kwa kitambaa kikavu. Usiliache gitaa limeegemea ukuta unaoelekea mvua.

Gitaa la nyuzi 12 lina kazi gani, na linafaa kwa anayeanza?
*Msomaji, Magu*

Kwa anayeanza, hapana. Nyuzi zake zimepangwa jozi sita. Jozi mbili za juu zina noti moja, na jozi nne za chini zina uzi mnene na mwenzake mwembamba ulio oktavu juu. Linajaza nafasi kubwa, kwa hiyo linafaa kumsindikiza mwimbaji mmoja au wawili pasipo bendi. Ndani ya bendi linafunika kila mtu. Kulityuni ni kazi mara mbili, na vidole lazima vibane nyuzi mbili kwa wakati mmoja. Mvuto wake unazidi ule wa nyuzi sita kwa mbali, na ubao wa juu huvimba ukiliacha limekazwa kikamilifu mwaka mzima. Kama tayari unalo, lityuni toni moja chini, kutoka D hadi D, na ukitaka noti za kawaida funga kapo freti ya 2.